Wageni wa Bik-ha Hubeba Vikapu

Mimi nauza tofu katika Soko la Kisima Kikavu, hapa Tainan, kusini mwa Taiwan. Baba yangu naye aliuza tofu mahali hapohapo, na watu wameshasahau jina langu. Wananiita Tofu tu, hata mke wangu akiwa amekasirika. Meza yangu iko kwenye mlango wa pembeni, kwa hiyo kila anayekuja kununua chakula cha nyumbani lazima anipite. Nimeona watu wa kila namna. Ila aliyewahi kulitikisa soko hili kama Koa Bik-ha sijamwona, na cha ajabu ni kwamba yeye hauzi kitu. Ananunua tu.

Bik-ha alizaliwa nyuma ya soko, nyumba ya tatu ukipita hekalu. Mama yake aliuza mboga zilizochachushwa kwa chumvi. Yeye mwenyewe aliolewa na dereva wa basi, akapika katika jiko la shule ya msingi mpaka akastaafu, na mume akafariki mwaka uleule. Watoto wake wawili wako Taipei, na kila sikukuu wanamwambia ahamie kwao. Huwajibu, "Huko kwenu mboga zinauzwa zimefungwa kwenye nailoni kama maiti. Nitamsalimia nani?"

Ukitaka kumjua ni mtu gani, muulize Kaka Sui, muuza samaki. Zamani kidogo Sui alimuuzia mwatiko, samaki ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuzama. Bik-ha siku hiyo alikuwa na haraka, hakutazama vizuri. Saa ya chakula cha mchana tukamwona anarudi amebeba sufuria kwa vitambaa viwili, mvuke unafuka, vipande vya tangawizi vinaelea juu. Akaibwaga sufuria juu ya barafu ya Sui, katikati ya kamba na ngisi.

"Onja," akasema.

"Dada, si unaona niko kazini?"

"Na mimi nilikuwa kazini, nilikuwa napika. Onja, wateja wako wakuone."

Sui akachota kwa kijiko, akanywa, akameza kwa taabu.

"Wa lini huyu?"

"Wa jana, dada."

"Ebo!"

"Haya, wa juzi. Wa juzi asubuhi."

Soko zima likaangua kicheko. Sui alimpa mwatiko mwingine, akampa na chaza wa kufutia machozi, na toka hapo samaki wa Bik-ha huwekwa kando kabla jua halijatoka. Wamekuwa kama ndugu. Haipiti siku hawajatukanana.

Sasa, miaka michache iliyopita jumba la mbele la soko lilikarabatiwa. Wakaweka taa za rangi, wakapaka kuta, wakatundika fanusi za karatasi. Kodi ikapanda, na wauzaji wa zamani wakaambiwa waende njia ya nyuma, kwenye paa la mabati. Mbele wakaingia watu wa mishikaki, jibini ya kuchoma, na maziwa ya buluu ambayo mpaka leo sijui ng'ombe wake ni yupi. Pamoja nao ikaja kampuni ya matembezi. Msimamizi wake alikuwa kijana mmoja nadhifu, anaitwa Hui, mwenye kunyoosha shati mpaka mikunjo inakata. Kampuni ilitangaza kwamba itawatembeza wageni sokoni kama wenyeji. Ikabaki kumpata mwenyeji.

Hui alimsikia Bik-ha akimsuta Sui kuhusu ngisi. Akasimama akimsikiliza huku mdomo wazi, kisha akamfuata mpaka kwenye meza yangu.

"Mama, ungependa kufanya kazi nasi? Kazi yenyewe ni kutembea tu sokoni na wageni."

"Mnanilipa niende sokoni?" Bik-ha akanigeukia. "Tofu, unasikia? Miaka yote hii nimekuwa nafanya kazi bure."

Akakubali. Nadhani alitaka pia watoto wake waache kusema kwamba anakaa peke yake bila la kufanya.

Siku ya kwanza walimvalisha kofia ya majani ya wakulima na aproni yenye maua mekundu. Alipopita kwangu nilijaribu kutazama maharage yangu ya soya, lakini nilishindwa.

"Cheka, meno yakutoke," akaniambia. "Mama yangu alivaa kofia kama hii shambani kwa sababu ya jua. Humu ndani jua liko wapi?"

Alikuwa amefundishwa maneno ya kusema. Kwenye mishikaki ya jibini alitakiwa aseme kwamba bibi yake alikuwa akimpikia akiwa mdogo. Kwenye maziwa ya buluu alitakiwa afumbe macho na kuvuta pumzi. Wauzaji wa mbele walikuwa wanailipa kampuni ili wageni wasimamishwe kwao, na njia ya nyuma haikuwa imelipa chochote, kwa hiyo haikuwepo. Kati ya jumba la mbele na sisi kuna pazia la nailoni nene, la kuzuia nzi. Hui alimwambia wageni wakiuliza kuna nini huko, awaambie ni stoo.

Alivumilia wiki kadhaa. Nilimwona anakonda maneno. Bik-ha niliyemzoea mimi husikika kabla hajaonekana. Huyu wa kofia alikuwa anapita na kundi lake kama mtu anayesindikiza jeneza. Jioni moja alikuja kununua tofu laini, nikamuuliza vipi kazi.

"Leo nimemtia bibi yangu jibini mdomoni mara nne," akasema. "Marehemu hakuwahi hata kuiona kwa macho."

Asubuhi iliyofuata ndiyo iliyozua mambo. Katika kundi lake kulikuwa na mama mmoja wa Taipei, Bi Peng, mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye miwani minene. Walikuwa wamesimama kwenye maziwa ya buluu. Bik-ha ameshafumba macho, ameshavuta pumzi. Bi Peng akauliza, kwa upole kabisa:

"Samahani dada, na wewe chakula chako cha nyumbani unanunua wapi?"

Hui alikuwa nyuma ya kundi. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akaonyesha mishikaki. Yote haya nimeyapata kwa mwenye maziwa mwenyewe. Anasema Bik-ha alifungua macho, akamtazama Hui, akamtazama Bi Peng, kisha akavua kofia.

"Njooni," akasema. "Shikeni suruali zenu juu, kuna maji."

Pazia likafunguka na tukawaona hao wanaingia. Njia yetu ni nyembamba. Sakafu huwa na maji ya samaki, pikipiki zinapita katikati huku wenyewe wakinunua bila kushuka, na kwa Mama Giok, muuza nyama ya nguruwe, kuna vichwa vinakutazama. Mgeni mmoja alibana pua. Mwingine aliteleza, akadakwa na mwenye magimbi. Lakini Bik-ha alikuwa amerudi. Sauti yake ilitangulia mbele.

"Sui! Nimekuletea watu, na wana macho kuliko mimi, kwa hiyo usijaribu. Mama, sogea hapa. Mbonyeze. Kidole kikiacha shimo, mrudishie. Tofu, wape waonje kile cha moto, si hicho, hicho cha moto! Wewe baba, karela, hiyo mboga chungu, usichukue ile inayong'aa, chukua ile yenye sura mbaya kama ya shemeji yako."

Watu walicheka, wakanunua. Bi Peng alinunua tumbo la mwatiko, na mwenye mboga akamtupia vitunguu vya majani juu ya mfuko bila kumtoza, kama tunavyofanya kwa kila mteja. Yule mama alivishika vile vitunguu akabaki anavitazama.

"Taipei siku hizi hawanipi," akasema. "Wanavipima."

Ndipo Hui akatokea, amekunja suruali, anakanyaga maji kwa vidole.

"Mama Bik-ha, warudishe wageni mbele."

"Ameuliza ninaponunua chakula. Nimemjibu."

"Tulikubaliana ni stoo."

"Ni kweli ni stoo. Chakula changu ndiko kinakokaa."

"Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini ukiendelea hivi, kazi huna."

Hata Mama Giok alishusha panga. Bik-ha akafungua aproni ya maua taratibu, akaikunja vizuri, akaiweka mikononi mwa kijana. Kisha akamvisha ile kofia kichwani, akamwekea sawa kamba ya kidevuni kama mtu anayemwandaa mtoto wa shule.

"Chukua, mwanangu. Wewe ndiye uliyepigwa na jua."

Sijawahi kusikia njia yetu ikipiga kelele vile. Hui aliondoka amevaa kofia. Nadhani kwa fedheha alisahau kuivua.

Tulidhani yameishia hapo. Siku mbili tatu baadaye Bi Peng alikuja mlangoni kwangu na mumewe, anamtafuta yule dada mwenye sauti. Bik-ha alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kikapu chake cha magurudumu. "Mimi naenda kununua mboga zangu," akawaambia. "Mkitaka kunifuata, njia ni ya wote." Wakamfuata. Bi Peng akaenda kuwasimulia wenzake, nao wakawasimulia wengine. Haikupita muda nikawa kila asubuhi naona wageni wamejipanga kwenye meza yangu, wananunua maziwa ya soya huku wanamsubiri. Hakuwatoza kitu. Alisema akiwatoza itakuwa kazi, na kazi ina bosi.

Kamati ya jumba la mbele ikamleta mlinzi kwenye mlango wa pembeni, mzee mmoja mnene anaitwa Ban, mtu mpole sana aliyepewa agizo baya. Siku hiyo Bik-ha alikuwa na wageni wanne, mmoja wao Mholanzi mrefu mpaka anainama chini ya bati.

"Dada," Ban akasema huku anatazama viatu vyake, "watembezaji wasio na kibali hawaruhusiwi kuingiza watu."

"Mtembezaji yuko wapi? Mimi nimekuja kununua mchicha."

"Na hawa?"

"Ndugu zangu."

Ban akainua macho taratibu mpaka akafika kwenye kichwa cha Mholanzi. "Huyu pia?"

"Huyo ni wa upande wa marehemu mume wangu. Kwao wote warefu."

Sui akapaza sauti kutoka kwenye barafu yake, "Binamu! Mbona umechelewa? Shangazi amekungoja mpaka amelala!" Mwenye magimbi naye akatoka, akamkumbatia Mholanzi kiunoni, maana huko ndiko alikofika, akamuuliza habari za mjomba. Mholanzi hakuelewa neno, ila aliinama kwa heshima kila alipoguswa. Ban akageuka upande mwingine, mabega yanatikisika kwa kicheko, wakapita.

Lakini kilichomuumiza Bik-ha hakikutoka kwa Hui wala kwa kamati. Kilitoka kwetu. Wageni walizidi. Wengine walikuja na simu zimeshainuliwa tangu mlangoni, wanasimama katikati ya njia, wanapiga picha, wanatabasamu, wanaondoka mikono mitupu. Pikipiki zikawa hazipiti. Bibi wawili wa mtaa wetu, wateja wangu tangu enzi za baba, waliacha kuja. Asubuhi moja Mama Giok alikitua kisu mezani.

"Bik-ha, hebu njoo hapa."

"Nini?"

"Watu wako wamekipiga picha kisu changu toka alfajiri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei ya ubavu. Wateja wangu wanasimama nje kama ombaomba kusubiri hawa wamalize kushangaa. Kule mbele ulikuwa unatuficha. Sasa umetugeuza nyani wa bustani ya wanyama. Bora nini?"

"Giok, mimi nilifukuzwa kazi kwa ajili yenu."

"Nani alikuomba?"

Neno hilo lilimchoma. Hakujibu, na Bik-ha kutojibu ni kama soko kutofunguliwa. Akavuta kikapu chake, akatoka bila kununua kitu. Siku kadhaa hakuonekana. Wageni walinijia mimi kumuulizia, nikawaambia anaumwa, na kwa kweli sikuwa nadanganya sana. Sui alikuwa anamwekea samaki kando kila asubuhi, na kila mchana anamuuza kwa mwingine huku ananung'unika.

Mama Giok ndiye aliyekwenda kumwona. Alibeba mbavu, na hakuomba radhi, maana hakuwa amesema uongo. Jioni alinisimulia kwamba alimkuta Bik-ha amekaa jikoni, sufuria zote zimeoshwa, hakuna moto.

"Nikamwambia, mimi sikusema uache kuja. Nimesema waache kututazama. Akaniuliza kama nina vikapu vya zamani nyumbani."

Bik-ha alirejea na rundo la vikapu vya mianzi, vya Mama Giok, vyake, na vingine alivyochangisha kwa majirani. Akavimwaga kwenye meza yangu, karibu avunje tofu zangu. Wageni walikuwa watano au sita, simu mikononi.

"Sikilizeni," akawaambia. "Kuanzia leo anayenifuata anabeba kikapu. Simu mfukoni. Tunanunua chakula cha mchana, tunakipika kwangu, tunakila, mnaosha vyombo. Asiyetaka, kule mbele kuna taa nzuri na maziwa ya buluu."

Kijana mmoja wa mjini akalalamika. "Lakini mama, mimi nimefikia hotelini. Ninunue samaki mbichi nimpeleke wapi?"

"Masikio yako wapi? Nimesema kwangu."

"Na kama sijui kupika?"

"Unajua kuosha?"

Wenzake wakamcheka, na akachukua kikapu. Wawili walikwenda zao kwenye taa. Waliobaki waliingia kwa foleni moja, wakibana ukutani pikipiki zikipita. Mama Giok aliwatazama wakija kama anavyotazama mvua. Bik-ha akasimama mbele yake.

"Ubavu, wa kuchemsha na figili. Hawa wanne watakula. Na usinipe mafuta matupu."

"Lini nimekupa mafuta matupu?"

"Nianze kuhesabu?"

Mama Giok akakata. Alipomaliza akatupia na kipande cha ini juu, na Bik-ha akakitia kikapuni. Wale bibi wawili wa mtaani walirudi wiki ileile. Mmoja wao siku hizi huwasahihisha wageni wa Bik-ha namna ya kuchagua machipukizi ya mianzi, kwa ukali kuliko Bik-ha mwenyewe.

Kamati ilimwita ghorofani. Mimi na Sui tulimsindikiza, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki. Hui alikuwepo, shati limenyooka, lakini safari hii alizungumza kwa adabu. Kampuni ilikuwa tayari kumrudisha. Njia ya nyuma itaingizwa kwenye matembezi. Kuta zitapakwa rangi, pikipiki zitapigwa marufuku, na kila muuzaji atapewa aproni ya maua.

"Mama, si ndicho ulichokuwa unataka?" akauliza. Na nadhani aliuliza kwa moyo safi.

"Mwanangu, pikipiki ndizo wateja. Ukizifukuza, Sui atamuuzia nani samaki? Wewe? Toka ufike hapa hujanunua hata kitunguu." Bik-ha akawageukia wazee wa kamati. "Wale kule nyuma hawaigizi. Wanauza chakula, na watu wanakila. Mkiwavalisha maua mtabaki na maua."

Mwenyekiti akakohoa. "Basi itabidi tukuzuie kuingia."

"Nizuieni. Lakini wekeni bango mlangoni, kwa herufi kubwa, mtaa mzima usome: Koa Bik-ha haruhusiwi kununua mboga. Mimi mwenyewe nitawashikia misumari. Nimekula kutoka soko hili kabla meno hayajaota. Leo meno yanaanza kung'oka, mnaniambia nini?"

Sui alipiga makofi, kisha akaona yuko peke yake, akaacha. Tukashuka.

Bango halikuwekwa. Walichofanya ni kuliondoa lile pazia la nailoni na kujenga ukuta mahali pake, wakisema ni kwa ajili ya kuzuia moto. Sasa ukitoka mbele huwezi kuja kwetu ila uzunguke kwa barabara ya nje, upite hekalu na kituo cha basi, juani au mvuani. Kampuni ilimpata mama mwingine wa kuvaa kofia, mtu mwema kutoka wilaya nyingine, na makundi yake bado ni makubwa kuliko ya Bik-ha. Mauzo yetu hayajapanda sana. Paa bado linavuja juu ya meza ya magimbi.

Juzi mvua ilikuwa inapiga kweli. Nikasema leo hatakuja. Binti yake alikuwa amefika kutoka Taipei, na nilijua amekuja kumshawishi tena kuhama. Halafu nikasikia sauti kutoka upande wa hekalu, inafoka kuhusu dimbwi. Bik-ha alitokea na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, nyuma yake wageni watatu aliowachukua kule mbele, wamelowa chapachapa, na nyuma yao binti yake, amevaa viatu vya ofisini, amekumbatia kikapu cha mianzi kifuani.

"Mama, wamejenga ukuta ili usipite," binti alikuwa anasema. "Huoni wamekuchoka?"

"Nimeuona. Ndiyo maana nimezunguka." Akakung'uta mwavuli juu ya miguu yangu. "Tofu, mbona umekodoa macho? Tupe vipande vinne vya kukaanga. Wewe binti, mla mboga za nailoni, panga foleni kwa Giok, na ukipewa mafuta matupu usirudi kwangu."